Glasi Mbili Pembeni ya Meza

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Amekubali! Mkurugenzi amekubali! Mimi niliyekuja hapa kuosha glasi, niliyejifundisha kwa kusoma vitabu vya kabatini wakati wenye maabara yao wamekwenda kula, leo nimepewa meza, chumba chenye dirisha, na watu ishirini. Ole wangu nikiboronga.

Najua utauliza, watu gani? Watu wowote! Hapo ndipo utamu ulipo. Hawajafundishwa hata kidogo. Mrembo wa Mapokezi, fundi umeme, mama wa usafi, mlinzi wa geti, madereva, karani anayepiga chafya kila akisaini kitu. Wengine hawajawahi kuonja mvinyo na hawana mpango huo. Siwapi waonje, ni kunusa tu. Kila mmoja anakaa peke yake mbele ya karatasi kubwa nyeupe, anapewa glasi kumi na mbili nyeusi tititi, hata rangi ya kilichomo haionekani. Kila glasi imefunikwa kisahani na ina namba tu. Zinazofanana harufu anaziweka karibu, zisizofanana anaziweka mbali. Basi! Hakuna maneno makubwa. Si unawajua wale wanusaji wetu waliosomea? Mmoja akisema "tunda jeusi" mwenzake anasema "ngozi", watagombana mpaka jua lizame. Hawa wangu hawana maneno ya kugombania. Wanasogeza glasi, mimi napima umbali kwa rula, nachora, na picha inajitokeza yenyewe.

Sasa sikia. Mkurugenzi ameongeza lake. Mafundi wa mvinyo wa maghala yote matatu nao wapange glasi hizo hizo, tuone kama pua zao zinaelewana na pua za watu. "Fundi ambaye pua yake imeshika njia yake peke yake," akasema, "atakuja kunieleza anafanya nini kwenye ghala langu." Wenzako wawili walipopata habari wakaanza kukohoa. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Nina wewe! Pua iliyonikamata na sigara yangu ya kwanza nilipokuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu! Nimeshawatambia hapa: subirini mumwone dada yangu.

Kwa hiyo niletee chupa mbilimbili kutoka kwenye matangi yako, hasa tangi la saba unalolisifia kila siku. Nikishakusanya za wote, dereva wa sampuli atakurudishia kumi na mbili zenye namba, nawe utapanga. Barua zangu atakuwa anazileta yeye, maana huko chini ghalani simu haishiki, na ukipanda juu unalala.

Mdogo wako,
Kimbelembele
(jina ulinipa mwenyewe, vumilia)


8 Machi

Kimbelembele,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sina muda wa kukaa. Hongera. Natanguliza hongera ili usije ukasema sikusema.

Chupa zimo kwenye sanduku. Tangi la saba liko tayari, tarehe mbili Aprili tunaanza kujaza chupa. Glasi zako zioshwe kwa maji ya moto, bila sabuni ya kunukia. Zisuuzwe, zisuuzwe tena. Na huyo mrembo wako aje bila marashi. Mwambie ni siku moja tu, hatakufa.

Mimi kupanga glasi, niache. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, leo nikae nipange vikombe kama mtoto wa chekechea? Waambie fundi ana kazi. Hao wanaokohoa ndio wapange.

Huku mambo yamezorota kidogo. Mama Ndoo, yule anayeniosheaga matangi, yuko likizo tangu katikati ya Februari, binti yake amejifungua kwa taabu. Bila yeye nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hata sijui atarudi lini.

Kula. Ukisisimka huwa husikii njaa, halafu unaanguka kwenye ngazi za watu.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Nimefanya! Siku mbili, watu kumi kwa kumi! Ngoja nikupe vituko kwanza, halafu kuna jambo.

Mlinzi alinusa glasi ya kwanza akasimama wima kama anapiga saluti. "Kijana, hii ndiyo harufu ya nyumbani kwa mama mkwe wangu." Nikamwambia mzee, sitaki maneno, sogeza tu. "Basi naiweka mbali," akasema, "mbali kabisa." Fundi umeme aliinusa kila glasi mara moja, akapanga zote kwa dakika nne, akauliza, "Kazi ndiyo hii? Mnalipwaga kwa hii?" Karani alipiga chafya ndani ya glasi, nikammiminia nyingine. Mrembo wa Mapokezi alikuja bila marashi kama ulivyoagiza, amenuna, anasema anajihisi yuko uchi.

Na pua zao, Dada, ni za ajabu! Mvinyo mweupe wa ghala la juu wameuweka kona moja. Mwekundu mzito kona nyingine. Hawajui chochote, hawaoni rangi, na bado picha inatoka kama nimewanong'oneza!

Sasa jambo lenyewe. Kuna glasi mbili wamezisukuma pembeni kabisa ya meza. Wote ishirini. Hakuna aliyekosa. Wengine walizisukuma hadi nje ya karatasi. Niliwauliza baadaye, baada ya kupima, zina nini. Mrembo alisema hapo hapo: "Hiyo ni dawa ya kutolea rangi ya kucha." Fundi umeme akasema gundi. Mama wa usafi akasema, "Mwanangu, hicho kitu kimeanza kugeuka siki, lakini mimi sijui mambo yenu."

Nikafungua daftari la namba. Zote mbili ni tangi lako la saba.

Usikasirike! Kosa ni langu, lazima. Labda chupa haikuzibwa, labda kizibo, labda glasi. Naona hata aibu kukuandikia. Siwezi kuweka pua ishirini za mitaani juu ya pua yako moja. Ila nifanyie hisani: inama kwenye tangi la saba, vuta pumzi moja, niambie "halina kitu", nilale.

Na dereva amekubebea zile chupa kumi na mbili. Panga tu, Dada, hata kwa kunifurahisha. Mkurugenzi ameniuliza mara mbili kuhusu karatasi yako.

Kimbelembele


20 Machi

Wewe,

Nimeinama, nimenusa. Halina kitu.

Umeniuliza, nimejibu, sasa nikuulize mimi. Tangu lini mvinyo unapimwa na anayepaka kucha? Watu hao kesho utawaita wakupimie shinikizo la damu kwa kukuangalia usoni? Umesoma vitabu vya kabatini, vizuri, lakini kabati halijawahi kusimamia tangi hata moja. Angalia glasi zako. Angalia nani anaziosha na anaziosha kwa kitu gani.

Karatasi yako hii hapa. Nimepanga. Usinitumie nyingine.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Nimekusikia. Nimerekebisha.

Yaani nimezitoa. Zile glasi mbili nimeziondoa kwenye ripoti, zimebaki kumi, na picha sasa ni nzuri kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba glasi mbili hazikuoshwa vizuri, hesabu yake haifai. Akaitikia kwa kichwa, akasaini. Imekwisha.

Haijakwisha. Mrembo amenikuta koridoni. "Nasikia pua zetu zilikuwa chafu?" Nikamwambia si pua, ni glasi. "Glasi ishirini mara mbili, zote chafu, na zote chafu kwa harufu ile ile? Wewe kaka, hata mimi niliyefeli hesabu nimeona hapo pana kitu." Akaondoka na viatu vyake ko-ko-ko. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Na nina donge na wewe, acha nilitapike. Karatasi yako. Sikukwambia mapema kwa sababu ndiyo mtego wenyewe wa zoezi: zile glasi mbili ni mvinyo mmoja. Chupa moja, nimeimimina mara mbili, nikaipa namba mbili tofauti, ili nione kama mtu akikutana na kitu kile kile atakitambua. Watu wote ishirini wameziweka bega kwa bega. Hata karani mwenye mafua! Wewe umeiweka moja juu kushoto na nyingine chini kulia. Tangi lako mwenyewe, Dada! Nimekaa na karatasi hiyo nikaelewa: hukunusa. Uliandika namba ovyo ovyo ukiwa umesimama, ili tu nikome kukusumbua. Yaani kazi yangu ya kwanza maishani haikustahili dakika zako ishirini?

Nimeificha karatasi hiyo droo ya chini. Nimesema umechelewa kuileta. Sitaki wakucheke, hata kama wewe umenicheka.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukucheka.

Nilikaa jikoni kwa muda wa saa tatu na chupa zako kumi na mbili. Nilizinusa zote mpaka kichwa kikauma. Nilizinusa nimefumba macho, nikazinusa nimesimama, nikatoka nje nikapunga hewa nikarudi. Mdogo wangu, yalikuwa maji. Yote kumi na mbili, maji. Nilipanga kwa kukisia.

Ile homa ya mwaka juzi, niliyokwambia ni mafua tu. Kila kitu kilipona, pua haikurudi. Nilijua siku mkate ulipoungua jikoni na mimi nimekaa hapo hapo nasuka nywele, hadi jirani akagonga mlango kuuliza kama nipo hai. Nikasema kesho itarudi. Nikasema wiki ijayo. Nikaenda kwa daktari wa mbali, asiyenijua, akaniambia niwe na subira.

Utauliza nimefanyaje kazi miaka miwili. Siku moja Mama Ndoo alikuwa anasugua sakafu, akainua kichwa akasema, "Fundi, hili la nne leo linanuka soksi." Nikalishughulikia, siku ya tatu akasema, "Afadhali, sasa linanuka shuka jipya." Tangu hapo kila asubuhi namuuliza, kama mzaha, "Haya Mama Ndoo, leo unasikia harufu gani?" Ananiambia. Mpira wa baiskeli. Maganda ya chungwa. Mfuko wa shule. Maneno ni yake, mimi nayageuza kuwa kazi: hili lipoe, hili lichanganywe, hili liachwe. Mvinyo wa mwaka jana uliosifiwa na Mkurugenzi mbele za watu, tuliutengeneza hivyo. Sikumwambia kwamba sisikii kitu. Naye hakuuliza. Lakini anajua. Mwenye kuosha matangi anajua kila kitu.

Halafu akaenda kwa binti yake, na mimi nikabaki peke yangu na matangi tisa.

Tarehe mbili tulianza kujaza chupa. Jana asubuhi akarudi. Ameingia mlangoni na mfuko wake, hajanisalimia hata, akaziba pua na khanga. Akaniangalia. Hakusema neno mbele ya wale vijana wa mashine. Mpira wa mfuniko wa tangi la saba ulipasuka, hewa imeingia wiki sita, nami nilipita hapo kila siku. Siki. Watu wako ishirini walisema kweli, na mimi nilikutukana.

Chupa mia tisa zimeshajaa. Nimesimamisha mashine. Nimewaambia mkanda umekatika. Ni kweli umekatika, niliukata mwenyewe kwa kisu cha vizibo wakati wamekwenda kunywa chai.

Sasa ninakuomba, sijawahi kukuomba kitu. Nipe wiki mbili. Nitasema tangi limevuja, nitalimwaga, Mama Ndoo yupo, tutaendelea. Usimwambie mtu. Fundi wa mvinyo asiye na pua ni nani? Ni mtu mwenye funguo tu. Nina miaka arobaini na mbili na sijui kazi nyingine hapa duniani.

Dada yako


7 Aprili

Dada yangu,

Nimelia chooni kwenye maabara, maji nimeyafungua yote ili wasinisikie. Miaka miwili! Na mimi naja likizo, nakuletea maua, unayanusa, unasema "mazuri". Ulikuwa unasema nini, Dada? Ungeniambia! Ningekuwa pua yako mimi!

Ningekupa wiki mbili. Ningekupa mwaka. Naapa, jana asubuhi nilikuwa nimeshakubali, nimeandika hadi barua ya kukwambia usiwe na wasiwasi. Nimeichana. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mama wa usafi alikuja chumbani kwangu na bahasha. Miwani yake imevunjika mguu mmoja. Akasema, "Mwanangu, nisomee hii. Ni ya kufukuzwa au bado?"

Ilikuwa barua ya onyo kutoka kwa mkuu wa maabara. Kwa uzembe wa kuosha glasi uliosababisha kuharibika kwa zoezi la kampuni. Likitokea tena ataondolewa. Glasi "hazikuoshwa vizuri", si ndivyo nilivyosema? Sasa nani anaosha glasi humu ndani tangu mimi nilipoacha kuziosha? Sikulifikiria hilo hata sekunde moja, Dada. Mimi! Niliyezishika glasi hizo hizo kwa mikono hii!

Nikasema, "Bado, mama. Si ya kufukuzwa."

"Basi nisamehe," akasema. "Nilizisuuza mara tatu, kama ulivyonielekeza. Ila mikono yenyewe ndiyo hii, imezeeka. Labda ni mikono."

Aliniomba msamaha. Yule yule aliyenusa akasema imeanza kugeuka siki. Alikuwa sahihi kuliko mkuu wa maabara, kuliko mimi, na, samahani, kuliko wewe. Na sasa haamini tena mikono yake wala pua yake.

Siwezi, Dada. Jumatatu kuna kikao, nitazirudisha zile glasi mbili kwenye ripoti na nitasema nilizitoa mimi na zilikuwa safi. Habari ya pua yako sitaigusa. Hiyo ni yako. Lakini watauliza tangi ni la nani, na namba ya tangi imeandikwa kwenye chupa, siwezi kuifuta.

Mdogo wako, naogopa


10 Aprili

Ulipokuwa na miaka sita ulivunjika mguu, nikakubeba mgongoni hadi hospitali, mvua inanyesha. Sikukuuliza una uzito gani.

Fanya unachotaka. Usiniandikie.


15 Aprili

Dada,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Kikao kimekwisha. Nilisimama nikasema yote kuhusu glasi. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbu. Mkurugenzi akauliza, "Ulizitoa kwa nini?" Nikasema niliamini kwamba fundi hawezi kukosea. Akauliza, "Fundi huyo ni nani kwako?" Nikasema, dada yangu.

Barua ya onyo ya mama wa usafi imechanwa mbele yangu, na ya kwangu imeandikwa hapo hapo, ndefu zaidi. Nimenyang'anywa chumba chenye dirisha. Nimerudi kwenye glasi. Naosha, yeye anafuta. Jana aliniambia, "Usijali, unaosha vizuri, ila unamwaga maji mengi." Mrembo ananisalimia tena. Sijui kama nastahili.

Kuhusu wewe sikusema kitu, ila Mkurugenzi si mjinga. Alidai karatasi yako, nikaitoa kwenye droo, akaiangalia muda mrefu, kidole chake kikienda kona hii na kona ile. Keshokutwa anakuja ghalani kwako. Anakuja mwenyewe na sanduku. Humo mna glasi tatu tu: mbili mvinyo mmoja, ya tatu tofauti. Utaambiwa uichague hiyo ya tatu. Ukipatia, ni uzembe wa mfuniko tu, onyo, maisha yanaendelea. Ukikosa, hakusema itakuwaje. Hakuhitaji kusema.

Nimeagizwa mimi kuandaa chupa na kubandika namba, hakuna mwingine anayejua. Wiki nzima nimejisifu kwamba nimekuwa mkweli. Mkweli gani, mbele ya watu ndiyo rahisi. Hapa niko peke yangu na kalamu.

Namba ni 274, 518 na 936. Ya tofauti ni 518.

Nimeiandika. Nilitaka kuichana karatasi hii lakini dereva anapiga honi. Ulinibeba, Dada. Basi na mimi


19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika saa moja kabla ya Mkurugenzi. Niliisoma, nikaila namba ile kwa macho, nikaichoma barua kwenye jiko la gesi. Nilikuambia usiniandikie, nikashukuru kwamba hukunisikia. Nakuambia ukweli wote leo, usije ukanidhania mtu mwema.

Mkurugenzi alikaa kwenye meza yangu. Akazipanga glasi, akafunua visahani kimoja kimoja, akasema, "Taratibu, fundi, hatuna haraka." Nami nilikuwa nimekwisha kuamua. Ningenusa ya kwanza, ningekunja uso kidogo, ningeirudia ya pili, ningesema 518 kwa uchovu, kama mtu anayepotezewa muda. Miaka miwili nimeigiza, siku moja zaidi ingekuwa nini?

Nikanusa. Nikakunja uso. Mkono ukaenda wenyewe kwenye 518.

Mama Ndoo alikuwa mlangoni, ameshika brashi yake ndefu. Alikuwa ananiangalia mkono. Yeye peke yake katika chumba kile alijua kwamba mkono ule hauwezi kujua. Hakushangaa, mdogo wangu. Hilo ndilo lililonivunja. Aliinamisha macho, akaanza kusugua mahali palipokuwa safi, ili asione. Angenyamaza hata kwa hilo. Angelichukua na kuliweka pamoja na mengine yote aliyoninyamazia.

Nikaiachia glasi. Nikasema, "Sijui."

Mkurugenzi akasema, "Samahani?"

"Sijui. Sisikii harufu yoyote. Ni mwaka wa pili sasa."

"Na mvinyo wa mwaka jana? Nani aliunusa?"

Nikamwonyesha. Na Mama Ndoo akaruka kama nimemwagia maji ya moto. "Mimi? Mimi naosha matangi tu, bosi, naapa, sijagusa kitu!" Akadhani anashitakiwa. Ilichukua muda kumtoa hofu hadi akakubali kuinamia zile glasi tatu. Hakukaa kwenye kiti, aliinama tu, brashi bado mkononi. Akaisukuma 518 kwa kidole kimoja. "Hii ina jambo. Hizi ni ndugu."

"Kwa nini miaka miwili hukusema kwamba ni wewe?"

"Kusema nini, bosi? Hakuna aliyeniuliza jina langu, sembuse pua yangu."

Hakusema kwa ubaya. Mkurugenzi aliandika kitu kwenye daftari, na mimi nikatazama sakafu, maana mimi nilikuwa wa kwanza wa hao ambao hawakuuliza. Miaka kumi na moja namwita Mama Ndoo.

Funguo amezichukua. Nimesimamishwa hadi barua itakapokuja, na sina matumaini na barua hiyo. Funguo kampa Mama Ndoo azishike kwa muda, hadi apatikane fundi mwingine. Mkurugenzi alipoondoka, Mama Ndoo alinigeukia akiwa na hasira za kweli. "Ungenyamaza tu, wewe! Tungezeeka humu ndani wote wawili, raha mustarehe. Sasa mimi nifanye nini na mifunguo hii yote?"

Na wewe. Ulipowasimamia wale watu ishirini nilikuchukia siku tano, na ulikuwa sahihi. Uliponiandikia namba nilikupenda, na ulikuwa umekosea. Usirudie, hata kwa ajili yangu. Kama wakikuuliza barua ya mwisho ilisema nini, waambie. Mimi sitakukinga, nawe usinikinge.

Leo asubuhi nilikuwa naanika nguo, nikamwona Mama Ndoo anakuja barabarani mbio mbio, aproni bado kiunoni. Hakutaka hata maji. "Fundi, la tisa linanuka kama moshi wa kiberiti kilichozimwa. Ni zuri hilo au ni baya?" Nikaacha nguo, tukaenda wote. Getini mlinzi akanizuia. Ana orodha, jina langu limekatwa. Ni kijana mstaarabu, alishindwa kuniangalia usoni.

Basi nikasimama nje ya geti na yeye ndani, katikati yetu vyuma. Nikamuuliza, kiberiti tu au na yai viza pia? Akakimbia ndani, akarudi anahema. "Kiberiti tu." Nikamwambia alihamishe polepole kwenye tangi tupu, lipate hewa, alifunike vizuri, aukague mpira wa mfuniko kwa vidole si kwa macho, asubiri siku nne.

"Siku nne," akasema. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo uninusie tena."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunisikitikia. Akaingia. Nilimsikia anahangaika na funguo kwenye mlango wa stoo, anajaribu huu, anajaribu ule. Nilikuwa naujua ulio sahihi, ni ule mfupi wenye kutu, lakini alishakuwa mbali, na mlinzi alikuwa ananiomba kwa upole nisogee, lori linataka kupita.

Dada yako